Nondo Zinamlinda Nani?

Mkataba wangu wa kwanza wa kupanga chumba Tabata ulikuwa wa kurasa mbili, fomu ya kununua steshenari, nafasi zimejazwa kwa kalamu ya bluu. Kodi miezi sita kwa mkupuo. Mpangaji asipigilie misumari ukutani. Asipikie mkaa ndani, masizi yanaharibu rangi. Mgeni akilala zaidi ya siku tatu, mwenye nyumba apewe taarifa. Geti linafungwa saa tano usiku. Maji kwa vichwa, LUKU kwa zamu. Niliusoma mara mbili, nikatia sahihi mbele ya dalali na mjumbe, nikajiona mtu makini.

Mwezi wa nne wa kukaa pale, kwenye saa nane usiku, ekstensheni ya jirani ilianza kuungua. Ilikuwa imebeba friji, feni na chaja tatu, imepitishwa chini ya zulia. Kilichoniamsha ni harufu ya plastiki, kisha sauti ya Mama Nasra akigonga mlango kwa mlango na kuita kila mtu kwa jina. Tulikuwa kaya sita kwenye korido moja. Moshi ulipotuzidi tulikimbilia getini, watoto mikononi, mwingine ana kandambili mguu mmoja, na getini tukakuta kufuli. Kubwa, jipya, linang'aa. Ufunguo alikuwa nao mama mwenye nyumba, na mama mwenye nyumba alikuwa amekwenda msibani Muheza. Kijana wake aliyeachiwa nyumba alirudi alfajiri.

Hakufa mtu. Mmoja wetu alijifunga kanga ya mkewe usoni akarudi ndani kuzima swichi kubwa, wengine wakamwagia zulia mchanga wa ujenzi uliokuwa uani, basi ikaishia hapo. Asubuhi nilitoa mkataba kwenye bahasha nikausoma mara ya tatu. Kila kipengele kilikuwa kinalinda kitu: ukuta, rangi, kodi, bili, usingizi wa mwenye nyumba. Mwili wa mpangaji haukutajwa mahali popote. Na kile kipengele nilichokuwa nakihesabu kuwa cha usalama, cha geti kufungwa saa tano, ndicho kilichotufungia ndani na moshi.

Tangu hapo nina ugonjwa wa kusoma vibao. Kwenye maegesho: unaegesha gari kwa hatari yako. Nyuma ya tiketi ya basi: mzigo ni jukumu la abiria, tiketi ikishakatwa pesa hairudishwi. Gesti: vitu vya thamani vikabidhiwe mapokezi, uongozi hautahusika. Kwa fundi simu: simu ikikaa zaidi ya siku 30 tusilaumiane. Watu wengi ukiwauliza watakwambia hizo ni taratibu za usalama. Mimi nasema hazina usalama wowote ndani yake. Hakuna kibao hata kimoja hapo kinachopunguza uwezekano wa jambo baya kutokea. Kinachofanya ni kupanga mapema nani atabeba hasara likishatokea. Na hasara inayofikiriwa ni ya gari, begi, simu, fedha. Tiketi ile ile inayozungumzia begi kwa mistari mitatu haina neno kuhusu mkanda wa kiti nilichouziwa.

Ajabu ni kwamba hata sheria ya vibao hivi ilijengwa juu ya nguo. Mwaka 1949 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Olley dhidi ya hoteli ya Marlborough Court. Mgeni alilipia mapokezi, akapanda chumbani, na huko chumbani ndiko kulikuwa na kibao kinachosema hoteli haihusiki na mali itakayopotea au kuibwa isipokuwa iliyokabidhiwa kwa meneja. Mtu mwingine akachukua ufunguo mapokezi, akaingia, akaondoka na nguo za manyoya za mgeni. Mahakama ikasema kibao hakina nguvu, kwa sababu makubaliano yalishafungwa pale mapokezi kabla mgeni hajakiona. Wanafunzi wa sheria huku kwetu huifundishwa kesi hiyo, kwa kuwa shina ni moja: Tanganyika ilipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu zilizotolewa huko baadaye mahakama zetu huzisikiliza hata kama haziwafungi majaji.

Uingereza ilingoja miaka mingine 28 ndipo ikatenganisha nguo na mwenye nguo. Sheria yao ya mwaka 1977 kuhusu masharti yasiyo ya haki kwenye mikataba inasema mfanyabiashara hawezi, kwa kibao wala kwa mkataba, kujivua lawama ya kifo au jeraha lililoletwa na uzembe wake. Kuhusu mali anaweza kujaribu, na mahakama itapima kama sharti lake lina busara. Kuhusu mwili hana mjadala. Kenya nayo, kwenye vitabu vyake vya sheria, ina Sura ya 34, inayomtaka anayelishikilia jengo achukue tahadhari ya kutosha ili aliyeingia kihalali asidhurike humo. Napenda mgawanyo huo wa 1977 kwa sababu ni wa kijinga kwa maana nzuri: hata mtoto anauelewa. Begi ni begi, mtu ni mtu. Ukiwa nao kichwani, utashangaa ni makubaliano mangapi tunayofunga kwa siku ambayo yamejaa begi na hayana mtu.

Sasa nije kwenye nondo.

Nyumba ya Dar es Salaam isiyo na nondo madirishani inaitwa haijaisha. Mtu anaweza kuhamia kabla ya kupiga plasta, kabla ya dari, kabla ya choo cha ndani, ila si kabla ya nondo. Na sitaki kumcheka mtu. Vibaka wa mtaani kwetu walikuwa na mti mrefu wenye ndoano mbele. Ulilala dirisha wazi kwa ajili ya joto, suruali yako ilitoka yenyewe na pochi yake. Mwizi tunamjua. Kila wiki kuna aliyeibiwa, kila wiki kuna kisa. Moto unaweza usiuone mtaani kwako miaka kumi. Akili ya binadamu hulipia kile anachokiona, kwa hiyo tumelipia nondo nzito, zimechomelewa moja kwa moja kwenye fremu, madirisha yote, hadi lile la choo linalopita paka tu. Halafu mlango wa mbele mmoja, wa nyuma umezibwa na friji, na geti lina kufuli ambalo ufunguo wake uko kwenye pochi ya mtu mmoja. Tumemzuia mwizi kuingia kwa kumzuia mwenye nyumba kutoka.

Mitaa yetu inazidisha tatizo. Gari la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, hata ukipiga 114 mapema kiasi gani, halina njia ya kupita kwenye vichochoro vya Tandale au Manzese ambako bajaji yenyewe inakunja vioo. Anayekaa huko atajiokoa mwenyewe au ataokolewa na jirani mwenye nyundo. Kwa hiyo swali la kama dirisha linafunguka kwa ndani ni kubwa kuliko swali la kama zimamoto watafika.

Bei ya kosa hili tumeshaiona, na tumeiona kwenye mabweni. Machi 2001, Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa bwenini usiku. Moto ulikuwa wa kuwashwa makusudi, hilo linajulikana. Lakini bweni lilikuwa na milango miwili na mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Miaka mitatu kabla yake, wasichana zaidi ya 20 walikuwa wamekufa kwa moto huko Bombolulu, pwani ya Kenya, na huko nako habari ilikuwa ya mlango na nondo. Upande wetu, Juni 1994, Shauritanga, Rombo, walikufa wasichana 42.

Kenya ilifanya kinachotakiwa kufanywa: mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama wa shule. Ukiusoma sehemu ya mabweni unaona kabisa kwamba aliyeandika alikuwa anawafikiria wale watoto. Madirisha yasiwe na nondo na yafunguke kwa nje. Milango ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje wakati wanafunzi wako ndani. Mlango kila upande wa bweni, na wa dharura katikati. Kitanda na kitanda viachane mita 1.2. Ni maandishi ya mtu anayejua mtoto anakimbiaje gizani. Baada ya hapo, Septemba 2017, wasichana 10 wakafa kwa moto wa bweni Moi Girls, Nairobi. Septemba 2024, wavulana 21 wakafa Hillside Endarasha, Nyeri, kwenye bweni lililokuwa likilaza watoto zaidi ya 150.

Kwa nini mwongozo mzuri hivyo haukutosha? Jibu la haraka ni ukaguzi, na ni jibu la kweli, lakini naona kuna kitu kinakuja kabla ya ukaguzi. Nondo za bweni hazikuwekwa kwa ajili ya mwizi peke yake. Ziliwekwa ili wanafunzi wasitoroke. Mwalimu wa zamu anaulizwa asubuhi idadi. Hakuna anayemwuliza bweni linafunguka kwa sekunde ngapi. Kwake mtoto aliyeruka dirisha kwenda disko ni kesi ya wiki hii. Moto ni kesi ya shule nyingine. Mwongozo unamtaka aache kinga ya tatizo analolijua ili ajikinge na asilolijua, na haumpi njia nyingine ya kulizuia lile la kwanza. Basi anafanya kile ambacho kila mtu wa aina yake hufanya: siku ya mkaguzi kufuli linatoka, kesho yake linarudi.

Na mzazi yuko wapi? Mzazi ametia sahihi. Nimejaza fomu za kujiunga na shule za bweni mara mbili, za watoto wa ndugu zangu. Zinataka godoro la futi mbili na nusu, ndoo mbili zenye mifuniko, fagio la chelewa, jembe na mpini wake, rimu ya karatasi. Siku ya kuripoti mwalimu anakagua ndoo, ukisahau mfuniko unarudishwa dukani. Mimi mwenyewe nilirudishwa kwa sababu ya fagio. Nilizunguka soko zima natafuta fagio la chelewa, na sikupata wazo la kuomba kuona bweni lina milango mingapi. Wazazi wote kwenye ile foleni, wengine tumevaa tai, tulikaguliwa bila sisi kukagua chochote.

Kuna sheria nyingine hufa kwa sababu imeficha sababu yake. Turudi kwenye mkaa. Mkataba wangu ulikataza jiko la mkaa ndani kwa ajili ya rangi ya ukuta, na gesti nyingi za nyanda za juu, Njombe na Makete huko kwenye baridi ya Juni, zinakataza kwa maneno hayo hayo ya kuchafua. Katazo ni sahihi. Makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoziba nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu anasinzia akidhani ni joto zuri. Lakini kama sababu iliyoandikwa ni rangi, mgeni mwenye baridi atapiga hesabu ya rangi. Atafunga dirisha, ataingiza jiko, atajiambia kesho nitafuta masizi. Aliyeandika sheria hiyo alikuwa na kitu cha kuokoa uhai mkononi akakiuza kwa bei ya kopo la rangi.

Kofia ya bodaboda imekwenda njia hiyo hiyo. Inakaa kwenye kiwiko cha dereva au imening'inia kwenye usukani, na inapanda kichwani trafiki anapoonekana mbele, kwa hiyo sote tumefundishika kwamba ile ni kofia ya trafiki. Abiria tukipewa ya kwetu tunainusa, tunairudisha. Sina la kuongeza hapo, nami ninanusa.

Kama kuna mahali sheria ya usalama iliwahi kuingia kwenye midomo ya watu wa kawaida, ni matatu za Kenya mwaka 2004. John Michuki alikuwa Waziri wa Uchukuzi. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 zikaanza kubana tarehe 1 Februari 2004: kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mkanda kila kiti, mstari wa njano wenye jina la njia, sare kwa dereva na kondakta, na zile Nissan kubeba abiria 14 basi. Matatu zilitoweka barabarani siku za mwanzo, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, wakalalamika. Halafu likatokea jambo ambalo kwa sheria zetu ni nadra. Abiria walianza kuhesabu. Kondakta akiingiza wa 15, kuna mama atasema hapana, tumejaa, na mama huyo hakuhitaji kuwa askari wala kusoma kanuni. Alihitaji kujua namba moja. Watu wakaziita Sheria za Michuki, na kwa sheria ya barabarani kuitwa jina la mtu ni heshima.

Hazikudumu kwa ukali ule. Mikanda ilichakaa ikawa kamba chafu ya kumfunga abiria siku ya msako, na sambaza, ile ya kubanana watano kwenye kiti cha wanne, ikarudi. Lakini angalia kipi kilikufa kwanza. Kidhibiti mwendo kiko chini ya boneti, abiria hakioni, kilichezewa mapema. Hesabu ya vichwa ilibaki kugombewa muda mrefu zaidi kwa sababu kila aliyemo ndani anaiona. Huku Dar es Salaam tulionja kidogo mwaka 2020 wakati wa korona, daladala zilipoagizwa levo siti, yaani abiria wa kukaa tu, hakuna kusimama. Neno moja, na bibi wa Gongo la Mboto alikuwa na mamlaka ya kumwambia konda, "Mwanangu, levo siti," na konda akanywea. Agizo lilipolegea neno lilikwenda nalo, tukarudi kuning'inia mlangoni na kuambiwa nyuma kuna nafasi.

Kwa hiyo nikiulizwa sheria nzuri ya usalama ni ipi, siangalii ukali wa adhabu. Naangalia kama anayeweza kuumia anaweza kuihakiki kwa macho yake, na kama ana neno fupi la kuidai. Milango miwili. Ufunguo uko ndani. Dirisha hili linafunguka. Kichwa cha 15 hapana. Mwanafunzi wa bweni hana neno hilo, akilisema ataitwa mkaidi. Mpangaji analo, lakini kwa dakika chache tu: kati ya kuona chumba na kulipa. Ukishatoa kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali, mdomo wako umefungwa na pesa zako mwenyewe, maana ukigombana utahamia wapi katikati ya mkataba? Na zile dakika chache tunazitumia kuuliza maji yanatoka siku gani na LUKU mko wangapi. Nayasema haya kama mtu aliyeuliza maji mara tatu.

Baada ya ule usiku tulimfuata mama mwenye nyumba aliporudi msibani. Tulimpa pole kwanza, tukakaa naye, ndipo Mama Nasra akaanza, kwa adabu, na shikamoo ya pili. Mama alisikiliza akiwa ameshika kufuli lile mkononi. Hoja yake ilikuwa moja na ilikuwa na uzito: mwaka juzi wapangaji walikuwa na funguo kila mtu, mmoja akachongesha nyingine, zikaibwa pikipiki mbili. "Wanangu, nikiwapa funguo sita nimefungua geti." Tukazungumza mpaka chai ikapoa. Tukakubaliana ufunguo mmoja utundikwe kwenye msumari ndani ya korido, juu ya mita ya umeme, mahali mtu wa nje hafiki na wa ndani anapafikia gizani. Msumari wenyewe, kwa kumbukumbu, ulivunja kipengele cha pili cha mkataba.

Kwa upande wangu nilimwita fundi wa kuchomelea akate nondo za dirisha langu la nyuma aweke bawaba, komeo na kufuli dogo kwa ndani. Aliliangalia dirisha, akaniangalia mimi.

"Bosi, ukiweka bawaba umemwekea mwizi mlango."

"Na mimi nitatokea wapi?"

Alicheka, akadhani natania. Akasema katika miaka yake yote ya kuchomelea ameshaombwa kuongeza nondo, kuziba nondo, kuweka nondo juu ya nondo. Kuombwa kufungua ni mara ya kwanza. Aliongeza elfu thelathini kwa ajili ya bawaba na nikamlipa bila kupatana, jambo ambalo nalo halijawahi kutokea.

Ule ufunguo wa korido bado una kesi. Wiki haipiti bila mtu kutoka nao usiku akausahau mfukoni, na anayekuta msumari mtupu ana ruhusa ya kugonga milango yote sita, saa yoyote, mpaka upatikane. Juzi ilikuwa saa saba usiku. Ulikuwa kwenye suruali yangu.